Muulize Mwindaji: Dubu Amepanda Ngazi ya Ulingo Wangu

Msimu wa kulungu ukikaribia, barua nyingi zinazonifikia hapa Montana huuliza bunduki gani, darubini gani, buti gani. Hizo nimezijibu mpaka nimechoka, na mwezi huu nimeziweka kando. Nimechukua zile zenye maneno "nilikuwa nimekaa zangu kimya, mara..." Hiyo "mara" ndiyo inayowaleta wanyama ambao hukuwa na kibali chao wala haja nao.

Kabla ya barua, nisikilizeni kidogo. Mwindaji wa kulungu ni mtu anayejitahidi kutoweka. Anaoga kwa sabuni isiyo na harufu, anavaa nguo za rangi ya majani makavu, anakaa pale ambapo upepo unatoka kwa mnyama kuja kwake, na anaweza kumaliza saa tatu bila kukohoa. Kisha dubu akimfikia miguuni, anasema dubu huyo ana ukorofi. Hana. Hakujua kama upo. Ujanja uleule uliomdanganya kulungu umemdanganya na yeye, tofauti ni kwamba yeye ana meno. Kwa hiyo barua zote hizi nimezisoma kwa swali moja kichwani: je, ulikuwa wakati wa kuendelea kujificha, au wakati wa kujitokeza?

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Minnesota, na mwaka jana ndiyo nilianza kuwinda kwa upinde. Katikati ya Septemba nilikuwa juu ya ulingo wa ngazi, kile kiti cha kuvizia kinachoegemezwa mtini, akaja dubu mweusi. Alinusa nilipopita mpaka chini ya mti, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaweka viganja kwenye kipago cha tatu, akanitazama. Nilikata pumzi, sikutikisika. Baadaye akashuka akaenda zake. Wenzangu wanasema nilifanya vizuri. Mke wangu anasema ulikuwa upumbavu. Nani mkweli?

Marahaba mwanangu. Mkeo yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa neno alilochagua ni kali.

Dubu anaposimama kwa miguu ya nyuma hajajiandaa kukushambulia, kama mnavyoona kwenye picha za matangazo. Anatafuta kuona vizuri na kunusa vizuri zaidi. Alikuwa ameshagundua kuna kitu juu ya mti, kinanuka buti na ngozi, lakini hakijulikani ni nini. Wewe ukabaki kimya. Sasa kiumbe mdadisi ambaye hajapata jibu atafanya nini? Atapanda akaangalie. Na dubu mweusi kupanda ni kazi yake: kucha zake ni fupi na zimepinda, watoto wake hufundishwa kukimbilia mtini tangu wakiwa wadogo. Ngazi uliyomwekea ilikuwa ni msaada wa ziada tu.

Ulipaswa kusema naye akiwa bado yuko chini, kabla hajagusa kipago cha kwanza. Huna haja ya kupiga kelele. Sauti ya kawaida ya mtu mzima inatosha: "We dubu, huku kuna mtu, nenda zako." Pungia mkono polepole. Wengi wakishajua ni binadamu huondoka kwa kasi ambayo hata heshima haina. Akianza kupumua kwa nguvu kwa pua, kugongesha meno, au kupiga ardhi kwa kiganja, usidhani ndiyo mwisho wako. Hiyo ni lugha ya dubu mwenye hofu anayekuomba nafasi. Endelea kuongea, usimkodolee macho.

Na akipanda kweli? Hapo ndipo unapopigana. Kwa dubu mweusi hakuna kujifanya maiti. Mnyunyizie usoni dawa ya pilipili, ile ya kopo ya kufukuzia dubu, akiwa chini yako, mpige pua kwa buti, kwa upinde, kwa chochote, na sauti yote uliyo nayo itoke. Usiruke kutoka ulingoni hata siku moja. Kuanguka kutoka ulingoni ni miongoni mwa mambo yanayoumiza wawindaji wa kulungu zaidi nchini humu, na hakuna mnyama wa msituni anayeyafikia madhara hayo. Mkanda wa usalama ufunge tangu mguu unapoondoka ardhini, si ukishafika juu.

Kumpiga mshale bila kibali cha dubu ni kosa, na udadisi wake peke yake si shambulio. Ukitaka usikutane naye kabisa, subiri msimu wa bunduki wa Novemba. Wakati huo dubu wengi wa Minnesota huwa wameshaingia mapangoni. Lakini baridi yake unaijua.

SWALI: Kaka, mimi niko Idaho. Nilipuliza kifilimbi kile chenye sauti ya mtoto wa kulungu anayelia, nikitegemea jike aje. Nilikuwa nimechuchumaa katikati ya vichaka. Nilipogeuza shingo nikakuta puma, yule paka mkubwa wa milimani, amelala tumbo mita kama kumi nyuma yangu, masikio mbele, ncha ya mkia inacheza. Nilisimama nikapiga ukelele, akatoweka. Mpaka leo nikikumbuka nywele zinanisimama. Kwa nini alinifuata mimi?

Hakukufuata wewe. Alifuata chakula chake. Kaka yangu, umekaa porini umejificha, umechuchumaa ukawa mfupi, na unatoa sauti ya mtoto wa kulungu mwenye shida. Kulungu ndiye chakula kikuu cha puma katika milima hii. Kwa puma, tangazo lako lilikuwa limekamilika.

Mlichofanya nyote wawili kilikuwa sahihi. Wewe ulisimama ukawa mrefu na ukapiga ukelele, yeye akaona hesabu zimebadilika. Puma hupenda kumshika mnyama kwa nyuma, shingoni, bila kuonekana. Akishajua umemwona, nusu ya silaha yake imekwisha. Ndiyo maana hutakiwi kumpa kisogo, wala kuinama kuokota jiwe kama liko mbali, wala kukimbia. Ukikimbia umemrahisishia. Mtazame machoni, fungua koti ulitanue, ongea kwa ukali, rudi nyuma hatua kwa hatua. Akikurukia, pigana, linda shingo, baki umesimama. Watu waliouawa na puma Amerika ya Kaskazini ni wachache mno, na wengi walioshambuliwa wakapambana wamesalimika.

Ninachotaka ubadilishe ni jinsi unavyokaa. Ukipuliza kifilimbi cha aina yoyote, mgongo wako uwe umeegemea shina la mti nene kuliko mabega yako. Hilo linakulinda nyuma, na pia linavunja umbo lako mbele ya kulungu, kwa hiyo huna unachopoteza. Kati ya mpulizo na mpulizo geuza macho kushoto na kulia, usikaze upande mmoja unaotarajia jike atokee. Koyoti, wale ndugu wadogo wa mbwa mwitu, nao huja kwa sauti hiyo, tena kwa mbio, na mbweha. Mbweha mmoja aliwahi kunikaribia hivyo kwenye misonobari ya Bonde la Bitterroot mpaka nikaona chembe za barafu kwenye ndevu zake. Alinusa kifilimbi kilichokuwa kinaning'inia magotini pangu, akapiga chafya, akakaa chini kama anayesubiri maelezo. Huyo sikumfukuza. Mbweha mmoja mwenye afya, aliyekuja kwa udadisi, hana hatari yoyote, na kukaa kimya kulikuwa na faida yake: nilimwona vizuri.

Na nikuongezee lingine usilolijua. Theluji ikianguka, rudia njia uliyokuja nayo uangalie. Nimeshakuta nyayo za puma zimekanyaga juu ya zangu za asubuhi hiyohiyo, mbonyeo mmoja ndani ya mwingine, bila alama za kucha kwa sababu paka huyu huzificha akitembea. Alinisindikiza, akaridhika, akakata kona. Puma waliokuona ni wengi kuliko uliowaona wewe.

SWALI: Mzee mwenzangu, salaam. Mwanangu na mimi tunawinda kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, upande wa Montana. Msimu uliopita tulimpata dume wa kulungu jioni, tukatoa matumbo, tukamwacha usiku kucha kwa sababu giza lilikuwa limetukuta. Asubuhi tulipokaribia tukasikia mngurumo. Dubu wa aina ya grizili alikuwa amelala juu ya nyama, ameifukia kwa udongo na nyasi. Tulirudi nyuma, hakutufuata. Mwanangu anasema tungekuwa na bunduki kubwa zaidi. Mimi nasema tungekuwa na akili zaidi. Tupatanishe.

Salaam mzee mwenzangu. Hapa nitakaa, maana barua yako ina mambo.

Kwanza, nyama ile ilishakuwa yake. Dubu akishafukia mzoga, hapo ni ghalani kwake, na atapumzika karibu au juu yake kabisa. Katika vuli dubu hula kwa kujiandaa na usingizi wa miezi, anaweza kushinda akila hadi saa 20 kwa siku. Nyama na rundo la matumbo ya kulungu ni zawadi asiyoikataa. Katika maeneo ya Yellowstone dubu wamejifunza kwamba vuli ikifika binadamu huacha matumbo porini, na wengine hutoka hadi maeneo ya uwindaji wakiyatafuta. Nyie mlimwachia na nyama yenyewe.

Turudi jioni ile. Mnyama akianguka na jua linazama, katika nchi ya grizili kazi ya kwanza si kisu. Ni kuinua kichwa. Mmoja anapasua, mwingine anasimama amempa mgongo, anaangalia vichaka, kopo la pilipili liko kifuani au kiunoni. Likiwa ndani ya begi ni sawa na kuliacha nyumbani. Mnaongea kwa sauti kazi nzima. Hapa ndipo wengi hukosea: mtu ametoka kuwinda, mwili bado uko kwenye kimya, anapasua akiwa amepiga magoti, kichwa ndani ya mbavu, mikono ina damu mpaka kwenye viwiko, hasikii chochote ila kisu. Umeshafyatua risasi, mzee, siri imekwisha. Ongeeni, imbeni, gombaneni.

Ikiwa usiku umewashinda, ondoeni nyama kwenye rundo la matumbo. Iburuzeni angalau mita mia moja, iacheni mahali palipo wazi, ambapo kesho mtaweza kuiona kutoka mbali kwa darubini, au itundikeni juu kama kuna mti wa kufaa. Ukiiacha ndani ya kichaka kinene, kesho utalazimika kuingia humo bila kujua nani ametangulia.

Asubuhi, njooni upepo ukiwa mgongoni kwenu, yaani kinyume kabisa na mlivyozoea. Harufu yenu itangulie. Pigeni kelele. Simameni mbali muangalie kwanza. Mkiona kunguru na ndege wa mizoga wamekaa juu ya miti wanalalamika badala ya kula chini, kuna mtu mezani. Mkiona udongo umechimbuliwa na mzoga umegeuka kilima, msisogee hata kidogo. Hasara ya kulungu mmoja inauma, ila piga simu ofisi ya wanyamapori uripoti, na mrudi nyumbani wawili.

Sasa ya bunduki. Mwanao si wa kwanza. Kuna utafiti wa Alaska uliochapishwa mwaka 2008, wa matukio ya kati ya 1985 na 2006. Dawa ya pilipili ilimzuia dubu wa kahawia, ndugu wa huyo grizili wenu, katika asilimia 92 ya matukio, na dubu mweusi asilimia 90, na karibu watu wote waliohusika hawakuumia. Baadhi ya watafiti walewale walichapisha utafiti wa bunduki mwaka 2012: bastola zilifanikiwa asilimia 84, bunduki ndefu asilimia 76. Matukio hayo hayakukusanywa kwa njia moja, kwa hiyo mtu asizipambanishe namba hizi kama matokeo ya mpira. Lakini jambo moja mwanao atalielewa haraka akijaribu: grizili anayekuja mbio kutoka mita 20 atakufikia kabla hujamaliza kuinua bunduki iliyo begani. Pilipili haihitaji kulenga ubongo. Inahitaji wingu. Toa kizuizi, elekeza chini kidogo, fyatua akiwa kama mita kumi hivi, apite ndani yake. Nunueni kopo la mazoezi lisilo na pilipili mfundishane uani. Na tazameni tarehe ya mwisho, kopo huchakaa likapoteza msukumo.

Tena grizili katika majimbo haya analindwa na sheria ya shirikisho tangu 1975. Ukimuua, hata kwa kujitetea, utatoa taarifa na utachunguzwa, na utapaswa kueleza kwa nini hukuwa na njia nyingine.

Mkishindwa yote na grizili akawakuta ghafla akawaangusha, hapo, tofauti na dubu mweusi, mtu hulala kifudifudi, begi mgongoni, vidole vimefungwa nyuma ya shingo, miguu imetanuliwa ili asigeuzwe. Mnabaki hivyo mpaka aondoke kabisa. Kwa hiyo kumjua ni nani ni lazima. Rangi itakudanganya, huku kwetu dubu weusi wengi ni wa kahawia. Angalia nundu ya mabegani, kucha ndefu, na uso uliobonyea katikati.

Hukumu: wewe umeshinda, mzee. Mwanao anunue kopo.

SWALI: Nilikanyaga karibu na kicheche wa huku, yule mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni, nikienda kwenye ulingo alfajiri. Unajua kilichotokea: alinirushia maji yake yenye uvundo. Mwenye nyumba wangu hataki niingie. Nisaidie.

Pole. Supu ya nyanya watakayokuambia ujipake kuondoa uvundo huo ni uongo wa miaka mingi. Chukua lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa kwenye maduka ya dawa, robo kikombe cha magadi ya kuokea, na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Changanya kwenye ndoo iliyo wazi, jipake papo hapo ikiwa bado inatoka povu, kaa dakika tano, suuza. Macho uyaepuke. Usiweke masalio kwenye chupa ukaifunga, itapasuka. Nguo zinaweza kupauka.

Safari nyingine kumbuka huwa anakuonya kwanza: anapigapiga miguu ya mbele chini, kisha anainua mkia. Ukiona mguu unapigwa, bado una sekunde kadhaa za kurudi nyuma kistaarabu.

SWALI: Niko Maine. Kila mtu hunitisha na dubu, lakini mnyama aliyenifukuza ni musi, yule kulungu mkubwa kuliko wote. Alikuwa jike na mtoto wake. Nilikimbia nikazunguka mti. Rafiki yangu ananicheka eti mwindaji hakimbii.

Rafiki yako hajafukuzwa. Kwa musi, mguu niponye ndiyo mbinu yenyewe. Huyu si mla nyama, hakutaki kwa lolote zaidi ya uondoke, na ukiondoka kwa kawaida ameridhika. Ulivyoweka mti kati yenu ni sawasawa kabisa, kwa sababu wewe unazunguka shina haraka kuliko mnyama wa kilo mia nne.

Dalili zake zijue: masikio yanalala nyuma, nywele za nundu zinasimama, analamba midomo, anakutazama bila kutafuna. Ukimwona hivyo usisubiri sura ya pili. Majike huwa wakali kwa ajili ya watoto, na madume kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Oktoba huwa hawasikii la mtu, wako kwenye joto. Akikuangusha, jikunje, funika kichwa, usinyanyuke mapema, maana anapiga kwa kwato za mbele na akiona unasogea anarudia. Na kama una mbwa, mbwa ndiye anayemkasirisha. Musi hatofautishi mbwa wako na mbwa mwitu.

SWALI: Nina maswali mawili kuhusu kulungu wenyewe. Nilimpiga dume akalala, nilipomshika pembe akainuka na kunipiga kwato ya paja. Wiki iliyofuata, kulungu mwingine alinijia mpaka mita tatu, amelegea, hana hofu yoyote. Je, wamelaaniwa?

Dume wa kwanza alikuwa hai, basi. Huyu kulungu tunayemwita mpole ndiye mnyama ambaye mwindaji humkaribia kuliko wote, tena akiwa na maumivu. Ukishafyatua, kaa ulipo nusu saa, hata kama umemwona akianguka. Mwendee kwa nyuma, upande wa mgongo, kamwe si upande wa miguu. Macho yakiwa yamefumba, au shingo imeinuka, au miguu imekunjwa vizuri chini ya tumbo, rudi nyuma. Kulungu aliyekufa hubaki macho wazi. Chukua tawi refu, gusa mboni ya jicho. Asipopepesa, ndipo unaweka mkono kwenye pembe. Bunduki iwe tayari mpaka hapo, kisha ondoa risasi zilizomo ndani yake.

Wa pili ananitia wasiwasi zaidi. Kulungu mzima asiyekuogopa ana sababu. Inaweza kuwa Novemba, dume ananusa njia ya jike na akili haipo. Inaweza kuwa alilelewa na binadamu akiwa mdogo, na hao madume wakikua ni hatari kweli, kwa sababu hofu iliyokuwa inakulinda imeondolewa. Lakini ukisema amelegea, nauliza: alikuwa amekonda? Kichwa na masikio vimeshuka? Mate yanamtoka? Huo unaweza kuwa ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, unaokula ubongo. Uligunduliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 kwenye kituo cha utafiti Colorado, na hapa Montana ulionekana kwa wanyama wa porini mwaka 2017. Hausababishwi na kidudu cha kawaida bali protini iliyoharibika, na kupika hakuiui.

Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata, lakini mamlaka ya afya ya Marekani inashauri usile nyama ya mnyama aliyepimwa akakutwa nao. Mnyama kama huyo usimkaribie, andika mahali ulipomwona, ripoti kwa idara ya wanyamapori. Na hata wale wanene wanaokimbia vizuri, ukiwinda kwenye eneo lenye ugonjwa, peleka kichwa kikapimwe kabla ya kula, kwa sababu mnyama anaweza kubeba ugonjwa zaidi ya mwaka bila dalili. Vaa glavu, usikate ubongo wala uti wa mgongo.

SWALI: Shikamoo. Mume wangu anataka kumpeleka binti yetu wa miaka 12 kuwinda Pennsylvania vuli hii. Nimesoma safu zako zote na sasa siwezi kulala kwa ajili ya dubu. Ni mnyama gani nimwogope kweli?

Marahaba mama. Ni kupe.

Sikutanii. Dubu atamwona binti yako, atasikia sauti ya baba yake, ataondoka. Kupe mwenye miguu myeusi hataondoka. Ndiye anayeeneza ugonjwa wa Lyme, uliopata jina kutokana na mji wa Connecticut ambako mwaka 1975 watoto wengi walionekana na viungo vilivyovimba. Pennsylvania ni miongoni mwa majimbo yenye wagonjwa wengi. Watu hudhani kupe ni wa kiangazi, lakini kupe wazima wa aina hiyo hutembea Oktoba na Novemba, siku yoyote ambayo haijaganda. Na mwindaji, aliyekaa chini kwenye majani makavu bila kutikisika, kisha akamkumbatia kulungu kumburuza, amewarahisishia kazi. Kulungu akipoa, kupe wake huhama.

Nguo zao za nje zinyunyiziwe dawa ya kuua wadudu iitwayo pemethrini, ya asilimia 0.5, na zikauke kabla hazijavaliwa. Ni ya nguo tu, si ya ngozi. Suruali iingie ndani ya soksi. Jioni hiyohiyo nguo ziende kwenye mashine ya kukaushia kwa joto kali dakika kumi zikiwa kavu, ndipo zifuliwe. Binti aoge, na wewe mwenyewe umkague: nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti, kwenye nywele. Kupe kwa kawaida lazima ang'ang'anie zaidi ya saa 24 kabla ya kuambukiza, kwa hiyo ukaguzi wa kila jioni unakupa ushindi. Ukimkuta, mshike kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja, usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta. Andika tarehe. Akipata homa au duara jekundu kwenye ngozi katika wiki zinazofuata, mpeleke kwa daktari ukiwa na tarehe hiyo mkononi.

Kuhusu dubu, mwambie binti aongee na baba yake njiani kwa sauti wakati wa kwenda na wa kurudi, na wakae kimya pale tu wanapokuwa wameketi. Na fulana ya rangi ya chungwa asiivue kwa sababu yoyote, hata akisema inamfanya aonekane vibaya. Kulungu haitambui rangi hiyo. Wawindaji wengine wanaitambua.